Baraza Lililoninyima Unga

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana huku kwetu Mokhotlong kuna njama na ninayelengwa ni mimi. Mimi si mtu wa kubabaishwa, shule niliiacha darasa la nne mwalimu alipoishiwa cha kunifundisha, na mgodini Welkom nilibeba peke yangu gogo ambalo wanaume wanne walikuwa wanalizunguka tu, sasa nisikilize. Ukame umemaliza mahindi, wakaja watu wa shirika la misaada, wakasema wao hawawajui maskini wetu, tuwachague wenyewe barazani mbele ya chifu, jina likitajwa watu waseme apewe unga au asipewe. Likatajwa langu, jirani yangu Sekhobe akasimama, kajifunga blanketi lake la heshima kama waziri, akasema, "Ntate Ramosoeu? Huyu si ana ng'ombe arobaini milimani, kawaweka kwa watu wamchungie? Kila tukinywa pombe anatutajia mmoja mmoja, mpaka yule wa pembe zilizopinda." Watu wakacheka, mama mmoja akadakia, "Tajiri, sisi ndio tuje kwako kuomba," jina langu likakatwa hapo hapo. Sasa namshuku Sekhobe, ana wivu na mimi tangu mgodini, namshuku chifu, aliangalia pembeni, na yule binti wa shirika alitabasamu mno kwa mtu asiyenijua. Ila anayeniumiza ni mke wangu 'Malineo, alikaa palepale kafunga mdomo, hakunitetea hata neno, na siku hizi wajukuu wetu, yatima wa binti yetu, wanakunywa uji mwepesi kama maji, na yeye akiitwa kula anasema ameshashiba. Nimhoji vipi mpaka amtaje aliyekula naye njama?

Ramosoeu. Jina liandike lote, siogopi mtu.

Ntate Ramosoeu, kwa njaa nakupa pole. Kwa njama, hapana. Nimesoma barua yako nikitafuta mahali unaposema Sekhobe amedanganya, sijapaona. Na mwenye ng'ombe arobaini, hata wakiwa kwa watu, angeteremsha mmoja akauza, wajukuu wakala. Sekhobe alirudia maneno yako mwenyewe. Baraza likakuamini, kama linavyokuamini siku zote.

Aliyejua kwamba ng'ombe hao hawapo ni mkeo. Angesema, unga ungekuja, na wewe usingekaa tena na wanaume wenzako ukawatazama usoni. Akanyamaza kwa ajili yako. Sasa anawaachia watoto sehemu yake ya chakula, kwa sababu hajashiba, mzee, na wewe unajua.

Usimhoji. Nenda kwa chifu kesho asubuhi, omba baraza, usimame mwenyewe useme, "Sina ng'ombe hata mmoja." Usiseme waliibwa. Usiseme walikufa kwa ukame, watakuuliza ngozi ziko wapi. Watacheka, na Sekhobe atacheka kuliko wote, mwache amalize. Wakikupa unga, usimtume mtu. Beba gunia wewe, upite nalo katikati ya kijiji mpaka kwa 'Malineo. Halizidi lile gogo.