Maji ya Betri

Dada Wambui mpendwa,

Nakuomba usimsomee mtu kadi hii, hata Mama. Jana tulitia betri ya pili chini ya kiti cha Bwana kwenye Landrova, ya kuwasha taa za kambini. Fundi aliniambia nijaze maji ya betri. Yakamwagika kitini, nikayaacha yakauke, kwani maji ni maji. Leo Gilgil Bwana alishuka, akawapa mgongo wazee waliokuja barazani. Suruali imejaa madirisha!

"Karani, kwa nini iko baridi nyuma?"

"Ni upepo wa Gilgil, Bwana."

"Ile ni asidi, wewe msomi!" fundi akaninong'oneza, akijiziba mdomo asicheke.

Bwana akivua suruali jioni, sina kazi. Niandikie ofisini Nakuru. Barua ikirudi, nitafute jikoni kwa Mama.

Ndugu yako akupendaye,
Kamau