Korongo wa Kikasha cha Mjapani

Koboko, Jumatano. Jua kali kutwa, na vumbi la barabara ya Arua bado liko kooni.

Leo nimejichukia kuliko siku yoyote.

Asubuhi nilimpeleka Babu Arua. Alisikia kuna mama Mjapani anayehudumia wakimbizi wa Sudan, basi hakutulia mpaka nikakubali kwenda kumfasiria, maana Kiingereza chake ni cha amri za kwata jeshini tu. Alivaa kanzu ya Idi. Kikasha anachotaka kukirudisha Japani alikifunga kwenye leso.

Ni kidogo, kinaenea kiganjani: visanduku vitatu vinavyokaa kimoja juu ya kingine, vimeshikwa kwa kamba ya hariri. Weusi wake ni utomvu wa mti uliopakwa tabaka juu ya tabaka. Babu alikitoa kiunoni mwa askari wa Kijapani aliyekufa, kwenye vita ya Burma, alipokuwa askari wa Waingereza. Hujisifia kila kitu cha vita ile isipokuwa hicho. Siku zote husema kina wenyewe. Tulipokimbia vita kwenda Kongo mwaka 1979 aliacha ng'ombe, akaacha redio, kikasha akakibeba.

Wakati ule kilikuwa na mapambo. Korongo wawili wa dhahabu waliruka juu ya matete, na chini yao palikuwa na duara lenye majani matatu. Babu aliamini duara lile ni alama ya ukoo wa marehemu.

Mimi ndiye niliyewakwangua.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ningependa kuandika kwamba tulikuwa na njaa, au kwamba mama alikuwa mgonjwa. Hapana. Nilitaka viatu vya Idi. Kule sokoni Ariwara, upande wa Kongo, wanunuzi walipima dhahabu kwa njiti za kiberiti, nami nikachukua wembe. Nilikwangua korongo mmoja, kisha wa pili, kisha matete. Unga wa dhahabu ulikuwa bado kidogo, nikamalizia duara. Mnunuzi akauweka upande mmoja wa mizani, na njiti moja upande wa pili. Upande wa unga haukushuka hata kidogo. Akaupuliza, akaniambia niende nyumbani.

Babu alipokiona hakina mapambo alidhani ni jasho na mvua ya safari. Nikamwacha adhani hivyo.

Leo mama Mjapani alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alinieleza kwamba kwa kawaida kungekuwa na alama, na kwa alama ile watu wa kwao wangeweza kuutafuta ukoo. Bila alama hakuna pa kuanzia. Kisha akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo, akauliza nani alikikwangua kwa wembe.

Babu akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamwambia anasema kitu hiki kimezeeka sana. Mama Mjapani nikamjibu kwamba hatujui. Uongo mara mbili, kwa lugha mbili, na sauti haikutetemeka.

"Wambia yeye anisamehe," Babu akasema. "Mimi ndio nilivaa hii kitu vibaya. Jasho yangu ndio ilikula."

Hilo nililifasiri vizuri, neno kwa neno.

Mama Mjapani akamwinamia Babu, mzee wa watu, akamrudishia kikasha. Njia nzima ya kurudi Babu alikipakata. Tulipofika nyumbani akanitilia mkononi.

"Mimi nimechoka. Wewe ulisoma. Tafuta hawa watu, siku moja utapata."

Nikasema asante. Asante! Mimi ni mtu wa aina gani?

Kifua chake kimeharibika, na anakohoa hata akiwa amekaa. Nikinyamaza, atakwenda kaburini akiamini kosa ni lake. Nikisema, huenda asitake tena nimshike mkono. Naogopa hilo la pili kuliko la kwanza, na ndiyo aibu yangu yenyewe.

Kesho, akimaliza kuswali alfajiri, nitamwambia.

Sentensi hiyo nimeiandika humu daftarini mara ngapi?