Kombe Kwenye Viatu vya Msikitini

Kaka yangu Salum,

Jana Kocha Peng alipanga timu ya msimu mpya ubaoni. Alipofika nafasi yako ya beki wa kati akasita, chaki mkononi, kisha akaandika jina la kijana wa mwaka wa kwanza, akageuka kututazama mimi na Papi kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwa bahati mbaya. Nilirudi bwenini nikakaa kitandani, nikaona sasa basi, nitakuandikia, tena nitaandika wazi. Wenzetu wa umoja wa wanafunzi hapa Guangzhou wanakusanya barua za kuweka kwenye jarida lao. Waiweke na hii. Kila mtu hapa alikuona ukibebwa juu juu siku ile, na kila mtu ana lake la kusema kuhusu wewe. Mimi niliyelala chumba kimoja nawe ndiye niliyekosa la kusema. Mwaka unakaribia kwisha, na bado moyo unanishtuka kila simu ya chini ikilia.

Nianze na mazuri. Hakuna aliyetutegemea, hata sisi wenyewe. Mwaka uliotangulia chuo chetu kilishika mkia katika mashindano ya vyuo vya jiji, na mechi ya kwanza ya msimu ule tulifungwa manne bila. Ulirudi bwenini unacheka. "Leo tumewapa wenzetu mazoezi mazuri," ukasema, na Papi, Mkongo wetu wa Lubumbashi, akajifunika fulana usoni. "Kaka, hii ni honte, aibu tupu. Kesho tutapita wapi?" Kocha Peng naye alikuwa mwalimu wa viungo aliyezoea kuwanyoosha migongo maprofesa wazee asubuhi. Mpira alijua neno moja tu, "Pao! Pao!" yaani kimbieni, na alilipiga kelele hata tulipokuwa tunarusha mpira wa kurusha.

Wewe ndiye uliyetushika. Nakuona mpaka sasa, pale nyuma, ukisema tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi ulinisemesha kwa Kiswahili, kipa wetu Awei ulimsemesha kwa Kichina chako cha kuokota sokoni, na mpira ukiwa mbali ulijisemesha mwenyewe. Refa mmoja alikuonya kwa kadi ya njano kwa sababu ya mdomo tu. Nazo jezi zetu! Tulikwenda na Mjomba Kassim, yule mfanyabiashara wa Kariakoo, mpaka Zhanqian Road. Ulitaka nyekundu. Mwenye duka hakuinua hata macho: "Meiyou." Hakuna. Bluu je? "Meiyou." Tukatoka na za manjano iliyokoza, mgongoni zina neno ambalo hakuna mtu, Mchina wala mgeni, aliyejua maana yake. Mashabiki wa vyuo vingine walitucheka mpaka tulipoanza kushinda nazo. Tulishinda moja, tukasema bahati. Tukashinda ya pili. Tulipofika nusu fainali, siku ile ya mvua iliyogeuza goli kuwa bwawa, Awei akadaka penalti ya mwisho akaja kukupanda mgongoni, mkaanguka wote kwenye maji.

Jumapili yake tulimpigia Baba. Hata salamu hakutoa. "Mmefunga mangapi?" Tulimwambia kuhusu fainali, nikamsikia akimwita Mama aje asikie mwenyewe. "Msinipigie kabla ya mechi," akasema, "mtanipandisha presha. Nipigieni mkishinda. Mkishindwa pia nipigieni, ila simu aishike Salum, Idi atalia." Tulicheka sote, huku na kule. Ile ndiyo sauti yake ya mwisho niliyo nayo mimi.

Asubuhi ya fainali, yule mama wa mlangoni alikuita kutoka chini, "Salu! Dianhua!" Simu. Ukashuka na mswaki mdomoni. Mimi nilibaki nafunga kamba za viatu vya njumu, naimba. Uliporudi nilikuuliza nani.

"Nyumbani."

"Wanasemaje?"

"Wanatusalimu."

Kisha ukaanza kukunja shuka lako. Kaka, hujawahi kukunja shuka tangu tufike China. Nililiona hilo nikasema moyoni, huyu ameingiwa na woga wa fainali, na nikafurahi kidogo kwamba hata wewe unaogopa.

Wapinzani wetu walikuwa wale vijana wa chuo cha michezo, ambao kukimbia ndiyo masomo yao. Mjomba Kassim alikuja na wafanyabiashara wenzake wa Guangyuan Xilu, wamefunga maduka yao siku nzima, mmoja wao ana beseni la plastiki la kupiga badala ya ngoma. Ila uwanjani palikuwa kimya. Ilinichukua muda kujua ni kwa nini: wewe ulikuwa husemi. Mpira mwepesi, wa kuzuiwa na mtu yeyote, ukapita chini ya mguu wako, na mshambuliaji wao akaingia nao golini karibu kwa kutembea. Nikakupigia kelele kutoka upande wa pili, "Kaka, umelala? Una nini leo?" Ukanitazama kama vile nilikuwa naongea na mtu aliyesimama nyuma yako.

Mapumziko ulikaa na taulo bichi kichwani. Kocha Peng aliongea, Papi aliongea, mimi niliongea. Wewe hukulitoa lile taulo.

Halafu kipindi cha pili ukaupiga mpira ambao sijawahi kukuona ukiupiga, si mazoezini wala kwenye mechi. Kutoka kwenye boksi letu, juu ya watu wote, ukaja kutua mbele ya mguu wangu kama umewekwa kwa mkono. Nilipiga hivyo hivyo. Goli. Nilikimbia uwanja mzima kuja kwako, ukanishika kichwa kwa mikono yote miwili, ukakibana, hukukiachia mpaka refa akatusukuma. Nikadhani ni furaha. Kisha ikaja kona, Papi akaruka na kichwa chake kile kikubwa, na filimbi ikalia.

Mabingwa. Sisi! Watu wa upande wa pili walisimama midomo wazi, na sisi vile vile. Awei alilala golini akizipiga nyasi kwa makofi. Papi aliuliza mara mbili, "Imeisha? Imeisha kweli?" kama anaogopa kurudishwa uwanjani. Nilikutafuta, nikakuona umekaa chini peke yako kwenye boksi. Wakaja kukunyanyua, wakakubeba. Picha ya siku ile bado iko ukutani kwenye ofisi ya michezo. Sote tunatazama kamera. Wewe, ukiwa juu ya mabega ya watu, unanitazama mimi.

Ukaniita nyuma ya jukwaa, kwenye mabomba. "Njoo unawe uso." Niliinama nikanawa. Wewe ulikuwa umeshanawa na bado ulikuwa unanawa.

"Idi."

"Naam."

"Baba hatunaye."

Nilisikia kila neno, na bado nikauliza swali la kijinga, "Hatunaye wapi?"

"Amefariki, Idi. Usiku. Moyo. Hata hospitali hawakufika. Ba'mdogo ndiye aliyepiga."

"Alipiga lini?"

"Asubuhi. Ile simu."

Niliyaona maji yakiendelea kutoka bombani na sikuyasikia. Nikakumbuka shuka, nikakumbuka basi tulilopanda tukikaa kiti kimoja, nikakumbuka nilivyokupigia kelele kwamba umelala. Muda wote ule ulikuwa unajua. Nilikusukuma ukagonga ukuta, nikakupiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na hukuinua mkono hata kujikinga. Nilichokuwa nasema sikijui. Papi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nilikuwa nalia neno moja tu, "Baba, Baba." Wachina walikuja mbio wakidhani tunapigana. Awei alikuwa mbele, kombe mkononi. Walisikia lile neno, na kwao baba ni baba kama kwetu. Hakuna aliyehitaji kuwafasiria. Niliona nyuso zao zikibadilika, mmoja baada ya mwingine.

"Bado hawajamzika," ukasema. "Wanazika baada ya adhuhuri. Kule sasa ndiyo inakaribia adhuhuri."

Nilikuwa nimeshamfanya amekwenda, kumbe saa ile ile, sisi tukiwa na kombe, Baba alikuwa bado yumo ndani ya nyumba yetu pale Ngamiani, anaoshwa.

Kocha Peng alivua kofia. Alizungumza na Mjomba Kassim kwa ishara na maneno machache, kisha akamwambia dereva kitu, na basi lililokuwa litupeleke kwenye karamu likatupeleka kwenye ule msikiti wa zamani wenye mnara mnene mweupe. Mjomba Kassim alifungua furushi lake la biashara akatutolea mimi na wewe suruali mpya mbili, tuvae juu ya zile bukta. Imamu, mzee wa Kichina mwenye ndevu chache, alimsikiliza, akatushika mabega, akatutanguliza. Wafanyabiashara wakapanga safu nyuma yetu, tukamswalia Baba swala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, mabegani mwetu mna majani ya uwanjani. Nilipotoa salamu upande wa kulia niliona uani. Timu yetu nzima ilikuwa imesimama pale, wamejipanga safu kama yetu, vichwa chini, Papi Mkatoliki katikati yao. Awei hakujua aliweke wapi kombe. Hatimaye aliliweka mlangoni, kati ya kandambili na viatu vya watu. Tulipotoka nililiruka kama ninavyoruka kiatu.

Nilidhani mshtuko umeishia hapo. Baada ya siku chache ukaja na tikiti ya ndege.

"Unakwenda kuhani?"

"Nakwenda kukaa. Mama yuko na watoto wawili wa kike, na karakana ya Baba ya useremala ina vitanda vya watu havijaisha. Wewe soma."

"Na wewe? Umebakiza mwaka mmoja uwe mhandisi!"

"Nimeshaamua, Idi."

Nimeshaamua! Sikukusemesha mpaka siku ya safari. Pale uwanja wa ndege wa Baiyun, Papi akiwa analia na wewe unamtania kwamba machozi ya Mkongo yana manukato, ndipo lilipotoka lile lililokuwa likinichoma. Nilikwambia watu wote wanakusifu, wanasema uliubeba msiba wako peke yako kwa ajili ya timu. Je, mimi unaniambia nini? Uliweka begi chini.

"Timu wala sikuikumbuka," ukasema. "Nilipopanda ngazi nilikuwa nakuja kukwambia. Nikakukuta unafunga kamba za viatu, unaimba. Mdomo haukufunguka. Nikasema nitamwambia kwenye basi. Kwenye basi nako mdomo ukagoma. Niliogopa, bwana mdogo. Niliona kama nikikwambia wewe tu, ndipo Baba atakuwa amekufa kweli."

Wakakuita kwenye foleni, ukachukua begi, ukaenda. Nilisimama pale mpaka Papi akanivuta mkono. Kaka, tulitwaa kombe ambalo halikuwa letu hata katika ndoto, na Baba akafa pasipo kuugua, lakini kilichoniacha nimeduwaa mpaka leo ni hicho: kwamba uliogopa, na ulinionyesha hofu yako pale uwanja wa ndege, zikiwa zimebaki dakika chache tu za kuwa nawe.

Sasa sikiliza habari za huku. Wanataka niwe nahodha, nimewaambia wasubiri. Wiki iliyopita mkuu wa idara yenu alinisimamisha koridoni. Anasema nafasi yako ipo, wameishikilia, ila mwaka wa masomo ukifunguliwa bila wewe hataweza tena kuitetea. Nikampigia Mama. Anasema vitanda vilivyoachwa na Baba vimekwisha, fundi wake wa zamani anaiweza karakana, na kwamba mpira hujagusa tangu ufike. Nilimuuliza, je, Salum atataka kurudi? Akasema, "Mwanangu, mimi sijui. Muulize mwenyewe."

Nikashangaa kwamba hakuna aliyekwisha kukuuliza. Wewe uliamua kwa ajili yangu mara mbili, na nilikasirika mara zote mbili, na mkuu wa idara amesubiri niamue kwa ajili yako pale pale koridoni. Nilimwambia nitakuuliza kwanza. Kama nyumbani panahitaji mtu, zamu ni yangu, nitakuja, wala sitanung'unika. Kama unaona bora ubaki huko na vitanda vyako, hilo nalo ni jibu, nitampelekea mwenyewe.

Wasalimie wadogo zetu, mwambie Mama barua hii asomewe yote, asirukishwe pale kwenye mabomba. Papi na Awei wanakusalimu. Mimi sijaamua lolote, Kaka. Nakuuliza tu: unataka kurudi?

Ni mimi, mdogo wako wa kukufuata.