Anataka Kujua Kama Nilicheka

Madungu, Jumatatu, masika ya 1947.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mimi nimechemka. Nimepika, nimefua, nimefagia ukumbi ambao ulikuwa safi, na hasira bado ziko pale pale. Basi naandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitasikika mpaka msikitini.

Leo asubuhi alikuja Bi Raya kutoka Mtambile. Bi Raya ni shangazi yake Salim, na Salim ndiye aliyeniposa. Sijapata kumwona huyo Salim wala kuisikia sauti yake. Mambo yote yamekwenda baina ya watu wake na kaka yangu Nassor, ambaye ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha, tangu baba afariki. Harusi ilikuwa iwe baada ya mavuno ya karafuu.

Nilidhani amekuja na habari za harusi. Akakaa mkekani, akanywa kahawa, akavuta buibui magotini, kisha akasema, "Mwanangu, mie nimetumwa tu. Salim ataka kujua: ile sinema ya jana, weye ulicheka?"

Eti nilicheka!

Nilidhani ni mzaha, nikamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama chini. Kumbe si mzaha. Nikiapa kwamba sikucheka, posa ipo. Nikikubali kwamba nilicheka, posa imevunjika, kwa kuwa Salim hawezi kuoa mwanamke anayefurahia mambo kama yale. Kesho baada ya Alasiri Bi Raya atarudi kuchukua jibu.

Mambo gani hayo? Ngoja niyaandike, maana hakuna hapa nyumbani anayetaka kunisikiliza.

Kila Jumapili mwenye sinema huleta mashine yake katika ghala kuukuu la karafuu huku mjini Chake. Baada ya Adhuhuri ni zamu yetu wanawake. Mlango hufungwa, na yule mtu wa mashine huwekewa pazia asituone. Sisi huwahi, kwa sababu anayechelewa hukaa nyuma ya nguzo akaona nusu ya uso wa kila mtu. Usiku ni zamu ya wanaume. Wao husali Isha kwanza, na mwenye sinema hawangoji, kwa kuwa mafuta ya mashine ni ya kupimiwa. Huwasha tu. Wanaume huingia mmoja mmoja, wanakanyagana gizani, na mwanzo umeshapita. Siwalaumu kwa sala, Mungu aipokee. Nawalaumu kwa midomo yao baada ya hapo.

Maana sinema ya jana, ya Kimisri, yote ilikuwa mle mwanzoni.

Ilianza na filimbi ya mbio mbio. Mimi nimeshatazama sinema za kutosha, na najua kabla mtu hajafungua kinywa. Ya kilio huanza na fidla na kitanda cha mgonjwa. Ya kisasi huanza na mwanamume kasimama mlangoni hasemi. Ikianza na filimbi, na mtu akapoteza kofia, kaa vizuri, ni mapenzi ya kuchekesha, na mwisho wake watu wataoana. Ile filimbi ni kama mwenye nyumba anayekwambia karibu, vua viatu, hapa hafi mtu.

Basi binti yuko ndani ya basi. Anaingia bibi mzee na kuku kwapani. Kuna kijana kavaa tarbushi, kajaza kiti, anasoma gazeti, hamwoni bibi. Binti anainuka, anampa bibi nafasi yake. Kuku anadonoa tarbushi ya kijana, inaanguka. Binti anaangua kicheko, halafu anajiziba mdomo, anaiokota, anaipangusa kwa mkono wa nguo yake mwenyewe, anamrudishia. Basi. Hajasema neno, na sisi tumeshamjua: ana huruma, ana kicheko cha karibu, na akikosea hutengeneza. Yule kijana naye tumemjua, anapenda kofia yake kuliko watu, lakini alipoipokea aliona haya. Tukajua huyu atafundishika.

Kisha tunaonyeshwa ami yake binti anataka kumwoza kwa nguvu kwa mzee mkorofi. Binti anakimbia, amevaa nguo za mtumishi. Anabisha hodi nyumba moja, na anayefungua ni yule bibi wa kuku. Bibi anamtambua, anampa kazi, anamlaza chumbani kwake mwenyewe, na anamwambia asimwambie mwanawe ukweli. Na mwanawe ndiye yule wa tarbushi, ambaye basini hakumwona hata mama yake mwenyewe! Wanawake wote ghalani tulipiga makofi. Mimi mbavu ziliniuma.

Sasa mtu aliyeingia baada ya hapo anaona nini? Anaona msichana kafichama katika nyumba ya kijana asiye na mke, anadanganya jina lake, anamjibu kijana kila neno, na kummwagia supu mapajani. Hajui kuwa mama mwenye nyumba ndiye aliyepanga yote. Hajui ami. Hajui kuku. Anasema huyu ni mwanamke mbaya, na waliofurahishwa naye ni wabaya kama yeye.

Na Salim, aliyekuja na rafiki zake kutoka Mtambile, alikuwa mmoja wa hao; Bi Raya mwenyewe kasema. Hakumwuliza mtu mwanzo ulikuwaje. Alitoka pale keshakuwa kadhi.

Nassor naye alichelewa jana. Aliponihadithia supu ilivyomwagika alicheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyemtuma shangazi kuja kumwuliza Nassor kama alicheka. Nilipomwambia hivyo leo, aliinuka akaenda kutazama dirisha, eti mvua inaingia. Mvua haikuwa inaingia.

Mama ndiye aliyeniuma zaidi. Alinishika mkono jikoni, akasema, "Sema hukucheka, ntoto wangu. Kicheko kishapita, hakikuacha alama." Yeye ni mcha Mungu kuliko watu wote ninaowajua, na ananiambia niape uongo kwa sababu ya kuku wa sinema. Hapo nilitaka kulia, nikakasirika badala yake.

Niseme kweli, kwa kuwa hapa sisemi na mtu. Namtaka mume. Wote niliosoma nao chuo cha Kurani wana watoto. Nilikuwa nimeanza kumpenda Salim bila ya kumwona. Nimemshonea kofia, nakshi zake ndogo ndogo mpaka macho yakatoka machozi, na kila tundu la sindano nilifikiri kichwa chake kikoje, anacheka vipi, ataniita nani. Nikisema kweli kesho, watu wa Madungu watasema mwezi mzima. Watasema nimekataliwa kwa ajili ya sinema. Pengine hatakuja mwingine.

Naogopa. Na hasira hazinipungui.

Kwa sababu tangu asubuhi nafikiri jambo moja. Mpaka leo Salim alikuwa jina tu. Ujumbe wa leo ndio neno lake la kwanza kwangu. Ndivyo alivyoingia. Na mimi ninayejivuna kwamba najua watu kwa walivyoingia, nijidanganye kwa huyu peke yake? Nijifanye sikuona? Amefika kachelewa, ameona nusu, amekata hukumu, na amemtuma mwanamke mtu mzima kwenye tope na mvua aje aniapishe.

Nikiapa kesho, nitaapa tena mwakani kwa jambo jingine.

Sitamwachia Nassor kunisemea, wala Mama. Nitakaa mkekani mbele ya Bi Raya, nitamshika magoti kwa heshima yake, kwa kuwa yeye hana kosa, na nitamwambia: Bibi yangu, kamwambie nilicheka. Nilicheka sana.

Na akitaka kuondoka nitamwongezea neno moja, amfikishie. Lau angeuliza nilicheka nini, ningekwenda Mtambile hata kwa miguu.