Hamira Iliyokataa Kufa

Kisarawe, 3 Juni 2025

Dada Hamisa, shikamoo.

Natumaini mguu uliokuwa umevimba umepoa. Huku mama yangu, mama yako mdogo, hajambo, ila kila siku ananiuliza kwa nini nimerudi kutoka maabara yenu kabla ya mwezi kuisha. Umenifungia simu, hivyo barua hii nampa mjomba Mwishehe anayeleta mihogo Kibaha.

Dada, sikuchafua zile sahani za kuoteshea. Kompyuta yako ilibashiri kwamba hamira iliyoondolewa uwezo wa kujitengenezea vitamini itakufa ikipewa glukosi na chumvi tu. Mimi nimehesabu madoa yake kwenye sahani siku tatu, ikawa inaota. Nilichoandika daftarini ndicho nilichokiona. Naomba umwambie mkuu wako, Daktari Bartolomeo, kabla hajakataa kuniandikia barua ya ufadhili wa chuo.

Mdogo wako,
Zuwena

Kibaha, 9 Juni

Zuwena,

Marahaba. Mguu wangu haukuhusu.

Miaka miwili nimejenga ule mfano kwenye kompyuta. Kila njia ambayo hamira inapitishia chakula nimeiingiza mwenyewe. Leo mtoto aliyetoka fomu siksi juzi ananiambia umekosea! Mama yako anauza maandazi. Umekuja na hamira ya maandazi kwenye kucha, ukaimwaga kwenye sahani zangu, basi. Daktari nimeshamwambia hivyo. Mbona mbele yake ulitulia kama maji mtungini? Mkweli hanyamazi.

Na mjomba asilete tena mihogo yake getini. Watu wanacheka.

Dada yako,
Hamisa

Kisarawe, 12 Juni

Dada, shikamoo.

Mama amesoma barua yako. Amesema maandazi hayo uliyala miaka minne ulipokaa kwetu, na kucha za aliyeyakanda hukuzilalamikia.

Nimekumbuka jambo. Glukosi ya maabara ilipoisha ulinituma Misugusugu, ukasema, “Chukua ile ya dukani ya kuwakorogea wagonjwa. Glukosi ni glukosi.” Jana nimekwenda dukani kwa Seifu nikasoma pakiti ya aina ileile. Imeongezwa vitamini, na ile ambayo hamira yetu haiwezi kujitengenezea imo. Tulikuwa tunailisha, dada! Kompyuta haikukosea, haikuambiwa tu. Mwambie Daktari, turudie pamoja.

Mdogo wako,
Zuwena

Kibaha, 20 Juni

Wewe Zuwena,

Yaani niende kwa Daktari nikamwambie nimelisha hamira ya utafiti glukosi ya wagonjwa? Wiki ijayo anawaonyesha wageni kazi yangu. Ule ukurasa wako wa hesabu nimeuchana. Kaa huko ukande unga. Usiniandikie tena.

Hamisa

Kisarawe, 24 Juni

Dada Hamisa, shikamoo.

Habari za afya sikuulizi, maana hutanijibu.

Leo asubuhi nimempigia Daktari. Mara mbili nimekata kabla hajapokea, ya tatu nikangoja. Nikamweleza sahani zililishwa nini. Akauliza ni nani aliyeagiza glukosi ya dukani.

Nikakutaja.

Hakugomba. Amesema wageni wataambiwa wasubiri, jaribio lirudiwe kwa glukosi safi, na nihesabu mimi. Barua ya chuo ataiandika akishaona hesabu hizo.

Jumatatu saa mbili nitakuwa hapo. Nitakuamkia mlangoni. Usipoitikia, nitapita niingie.

Mdogo wako,
Zuwena