Mkono wa Kushoto na Bodi ya Madaktari

Jumatatu, 4 Machi 2024

Kushoto. Ngumu! Daftari linateleza. Nimeliwekea mchi juu.

Jumatano, 6 Machi

Daktari wa mazoezi kasema mistari miwili kila siku. Mkono wa kulia sina tena — mashine ya kiwandani imebaki nao. Mwandiko kama kuku kaparua. Basi.

Alhamisi, 16 Mei

Leo ofisi ya mafao. Dada wa dirishani, Neema, mpole kweli. Kasema faili limefika, sasa nisubiri bodi ya madaktari inipime ulemavu. Lini? Tutakupigia, mama. Bila bodi hakuna mafao, na bila mafao Shamimu wangu anabaki Matombo kwa bibi yake. Januari anaanza darasa la kwanza. Nataka aanzie hapa Bigwa, alale kwangu. Simu nimeichaji mpaka imejaa.

Ijumaa, 9 Agosti

Hawajapiga! Nimekwenda mwenyewe. Mfumo unasumbua, ati. Neema kaniambia nivute subira. Hiyo subira nimeivuta mpaka kamba imekatika! Nimerudi na hasira zangu nikamenya viazi vyote, kiazi nimekibana kwa magoti. Vimetoka vidogo kama gololi. Nimecheka peke yangu jikoni. Lakini nimemenya.

Jumatano, 2 Oktoba

Mjomba Abdulmajid kashuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi na salamu za Shamimu. Shikamoo, marahaba, nikampa chai. Kwa kushoto — nitoe wapi mwingine? Hakuipokea. Kaniangalia tu mpaka nikaiweka chini, ndipo akakiokota kikombe. Imeniuma. Nusura nilie.

Baadaye akaniona naandika. Akashtuka! Ficha hicho kitu. Wakijua unaandika watasema huyu mzima, arudi kazini. Siku ya bodi mkono ulale mapajani, wakitaka saini weka dole gumba. Na kwetu Waluguru mjomba akisema, kasema. Nimeitika sawa, Mjomba. Ila sijui kama ni sawa.

Jumanne, 10 Desemba

WAMEPIGA! Neema mwenyewe. Bodi ni keshokutwa asubuhi! Nilikuwa nafua, simu nimeipokea na povu lake. Alhamdulillah! Nikampigia Shamimu. Kauliza, nije na kuku wangu? Njoo naye mwanangu, njoo na banda lake! Mjomba anakuja kunisindikiza.

Alhamisi, 12 Desemba

Naandikia kwenye benchi la nje. Bodi haijamalizana na mimi.

Madaktari watatu. Wamepima bega, wamebonyeza kigutu, inua, shusha, inauma? Mjomba kakaa nyuma yangu. Mkono nimeulaza mapajani kama alivyosema. Kisha karani akanisogezea pedi ya wino: dole hapa, mama. Mjomba akakohoa. Nikapeleka kidole, kweli nilikipeleka! Kikagoma. Nikakumbuka mchi, viazi, miezi yote ile nimekaa nasubiri simu. Nitie dole gumba leo, mimi?

Nikasema, naomba kalamu.

Karani akanipa yake. Nikaandika jina lote, Zuleha, mpaka la baba. Herufi zimesimama wima. Daktari mkubwa akainua kichwa, akauliza nani kakufundisha. Ninyi, nikamwambia. Mmechelewa sana kuniita.

Ulimi wangu huu! Wale wawili wakatazamana. Yeye akaandika kitu kirefu kwenye faili, halafu akasema tusubiri nje, tutaitwa.

Sijui kaandika nini. Lakini macho yake yalikuwa yanacheka, nimeyaona mimi. Na mkono uliokatika hauoti eti kwa sababu nimeandika jina. Naogopa, ndiyo. Ila najisikia mtu.

Mjomba kanuna. Kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, hata kunitazama hataki. Benchi lenyewe limeinama, daftari linateleza, na mchi nimeuacha nyumbani. Limeanguka mara ya kwanza, nikaokota. Mara ya pili kaliokota yeye. Kalipangusa vumbi. Akaniwekea pajani, akatandaza kiganja chake juu ya ukurasa, limetulia tuli.

Mjomba, usisome!

Sisomi, anasema. Wewe andika.

Mlango huo unafunguliwa —