Siku Mtani Wetu Kondo Aliponipigia Simu

Kwa Mama Loveth, Mkaanga Chipsi,
Maegesho ya Malori,
Mikumi.

16 Machi, 2025.

Mdogo wangu mpendwa Peter,

Shikamoo yako nimeipata, nami naiitikia kwa moyo wote: marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na moja kutoka Tanga hadi hapa, na juu ya bahasha kulikuwa na alama ya kikombe cha chai, kwa hiyo nadhani kuna kondakta aliyeifanya sahani. Lakini imefika. U hali gani? Yale maumivu ya mifupa uliyonisimulia mara ya kwanza yamekwisha, au bado yanakuamsha? Unapata usingizi? Unasema umenenepa. Sitaamini mpaka nione, maana wewe ulikuwa kijiti hata miaka ile maziwa yalipokuwa yanamwagwa kwa wingi.

Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya hapa na pale. Moshi wa mafuta ya kukaangia na vumbi la malori vimekubaliana kuishi puani mwangu.

Nyumbani Chanzuru hawajambo. Baba mkubwa wako bado anahesabu mawingu kila asubuhi na kuyagombeza, kwa sababu mvua imechelewa na mto umeshuka mpaka watoto wanavuka bila kupandisha kaptula. Yule ndama mwekundu uliyemwacha anatetemeka miguu sasa anapigana na mama yake. Mapacha wetu, Kulwa na Dotto, wameanza darasa la kwanza, na mwalimu amewatenganisha madawati baada ya siku mbili tu.

Mama mdogo Agnesi, mama yako, amepalilia mahindi peke yake na ameniagiza nikuambie kwamba mgongo haujamuuma. Najua anadanganya na wewe unajua, lakini ameniagiza. Barua yako ya kwanza ameiweka ndani ya Biblia, na akija mgeni anaitoa, anamwonyesha mwandiko, anairudisha bila kumsomea.

Kuhusu mimi, sina jipya. Basi linaingia, abiria wanashuka dakika ishirini, wanakula, wanagombania choo, wanaondoka. Kisha linaingia jingine. Nazungumza na watu mia kwa siku na wote wananiita dada chipsi. Nikifunga kazi narudi chumbani, nasikia malori yakipandisha gia kuelekea Iringa, na sina mtu wa kumwambia hata kwamba leo chumvi ilinizidi mkono. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kando ya barabara kuu hivi, na akawa mpweke kiasi hiki.

Usinicheke kwa hili. Lile kundi letu la watu watatu kwenye WhatsApp bado naandika humo. Asubuhi nauliza mmeamkaje. Juzi niliwaeleza habari ya tembo aliyekuja kula maganda ya ndizi nyuma ya jiko letu. Ujumbe unakaa na tiki moja. Simu yako wameifungia kabatini hapo soba, nyumba yenu ya kuachia unga, na ya Kondo unajua mwenyewe ilivyouzwa. Lakini naandika.

Sasa nakuja kwenye mambo mawili uliyoniuliza: kwa nini Kondo hakutumii hata salamu, na ile fomu uliyoambatanisha nisaini ili utoke kabla ya miezi yako minne kwisha.

Kwanza jambo moja. Kaka Melkizedek, msimamizi wenu, tumezungumza kwa simu. Yeye alitaka nisubiri mpaka umalize. Nikamwambia siwezi kukuandikia barua nzima ya uongo, mkono utakataa. Tukakubaliana kwamba barua hii akupe yeye mwenyewe, na akae karibu mpaka umalize kusoma. Kama yupo hapo, mwambie dada anamsalimu. Kama umesimama, kaa chini.

Peter, Kondo amefariki. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Februari. Watu wa mkaa walimkuta asubuhi kule Munisagara, kwenye lile banda la kambi ya zamani ambako mlikuwa mnanawa matope mkitoka handakini, enzi za ujenzi wa reli. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, na sindano ilikuwa karibu naye. Walisema usoni alikuwa kama mtu aliyepumzika. Nakuambia hilo kwa sababu na mimi liliponifikia lilinisaidia kidogo. Jumapili ijayo ni arobaini yake.

Kulia, lia. Mimi nililia juu ya karai la viazi mpaka Mama Loveth akanipokonya kisu.

Nikueleze lililo kifuani mwangu, maana sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Jumapili, siku mbili kabla, Kondo alinipigia kwa simu ya kuazima. Basi la Mbeya lilikuwa ndiyo kwanza limeingia, nimebana simu kwa bega, mikono miwili iko kwenye mafuta. Unajua sisi na wao, watani wa kabila. Tangu siku ya kwanza kule kwenye mahandaki, aliponiona nimeshika kibendera cha kuongoza magari, akaniambia nikishike vizuri kwa sababu hapa hatuchungi ng'ombe, mimi na yule Msagara hatukuwahi kusemezana kama watu wazima. Miaka yote ile ilikuwa utani mtupu. Ndivyo nilivyompenda, na ndivyo alivyonipenda.

Basi akaniambia, "Mtani, hiyo nyumba aliyopelekwa Peter inapokea na Wasagara?"

Nikamjibu, "Wasagara hawapokelewi. Watawamalizia wenzao chakula."

Akacheka. Akasema, "Basi nitakufa, mtani."

Nikasema, "Kufa upesi, nina hamu ya pilau ya msiba."

Akacheka tena, kile kicheko chake kirefu kinachoishia kwenye kikohozi. Akasema haya, mtani, na simu ikakatika. Mimi nikamgeukia abiria nikamuuliza atapenda na pilipili.

Alikuwa anaomba nafasi, Peter. Nimeyarudia maneno yake mara nyingi na sasa nayasikia vizuri. Wewe na mimi tulikuwa tumemsihi aende pamoja nawe mwezi wa kwanza, akakataa, akasema nani atabaki kulinda kijiwe. Baadaye akageuza moyo, akaona haya kusema wazi, akapitia mlango wa utani kwa sababu ndio mlango pekee tuliokuwa nao. Na mimi nikaufunga nikicheka. Mtu mwingine yeyote angemsikia. Mimi niliyekuwa karibu naye kuliko wote ndiye ambaye sikumsikia.

Msibani nilifika saa nne. Gari la kutoka Mikumi liliharibika pale kijiji cha Ulaya, tukakaa. Naingia uani kwao, wanawake wakasema watani wamefika, na nikaona nyuso zao zinanisubiri. Wewe unajua kazi ya mtani. Siwezi kuingia nalia kama wengine. Natakiwa nimwige marehemu, niwachekeshe wenye uchungu, wapumue kidogo.

Ile helmeti yake ya njano ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, na jina lake ndani kwa kalamu ya wino mzito, kama zetu. Nikaivaa. Nikatembea kama Kondo wakati ule wa kazi, bega la kushoto chini, kifua mbele, mikono nyuma. Nikauliza kwa sauti yake, "Nani kasimamisha kazi hapa? Hilo shimo la treni nimelitoboa mimi." Wakacheka, Peter. Mama Kondo alicheka mpaka akashika ubavu. Mwanasha, dada yake, akawa analia na kucheka pamoja.

Ningeishia hapo. Sijui ni nini kilinisukuma. Nikaendelea na Kondo wa mwaka huu: nikasimama, magoti yakalegea polepole, kichwa kikashuka, mikono ikaning'inia, nikakaa hivyo nimeinama bila kuanguka, kama alivyokuwa anasimama pale karibu na stesheni ya zamani watu wakimpita. Wachache walicheka kidogo. Kisha ua wote ukanyamaza, na mimi nikawa bado nimeinama kwa sababu sikuweza kuinua uso.

Mama Kondo alikuja akanivua ile helmeti. Akasema, "Hapo umemwiga sana, mtani. Inatosha."

Tukakaa naye nyuma ya jiko, nikamweleza ile simu, neno kwa neno. Nilitaka anitukane. Alikunja na kukunjua ncha ya kanga. Halafu akasema, "Na mimi aliniambia anaumwa. Nikamwambia aende akaoge." Pilau ilipoletwa sikuweza kuimeza.

Siandiki haya ili ubebe mzigo wangu. Sikuwa nanyi siku ya kete ya kwanza ya unga. Kazi ilipokwisha mimi nilipanda gari nikaja huku, nyinyi mkabaki kijiweni mnasubiri mradi mwingine, mkasubiri mpaka treni zikaanza kupita na nyinyi mmekaa mnazitazama. Nani alimpa nani, sijawahi kukuuliza. Sitakuuliza kamwe.

Sasa fomu. Pale wanapouliza sababu ya kutaka kutoka mapema umeandika: rafiki yangu ananihitaji. Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Ulikuwa na mpango mzuri, najua, wa kumtoa pale kijiweni na kuendesha bodaboda kwa zamu. Rafiki huyo tumemzika Chanzuru, upande wa mashamba ya baba yake. Hahitaji tena ufanye haraka.

Lakini usidhani ilikuwa rahisi kwangu. Jana mchana basi la mwisho la Mbeya liliondoka, meza zikabaki tupu, nikaifungua kalamu. Nilikuwa najiambia kwamba utapata matunzo nyumbani, kwamba mama yako amechoka peke yake, kwamba Pasaka inakaribia. Nikaandika J. Hapo mkono ukasimama, kwa sababu nilijua nasaini kwa ajili ya nani. Nilikuwa nasaini kwa ajili ya dada chipsi, apate mtu wa kukaa naye Jumapili na kumcheka. Nina upweke mpaka naweza kukurudisha kwenye kile kijiwe kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeogopa.

Kwa hiyo fomu nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Utaona herufi moja kwenye mstari wa saini. Usidhani nimesahau kumalizia.

Kaka Melkizedek ameniambia hapo hamfungiwi, na mtu akiamua anatoka hata bila saini ya ndugu. Basi mlango uko mbele yako na mimi niko mbali. Ninachoweza ni kukuomba. Baki, Peter. Maliza hizi wiki saba zilizobaki. Tarehe nne Mei nitakuja mwenyewe Tanga, Mama Loveth ameshakubali kunipa ruhusa, na nitakuja na helmeti ya Kondo. Mama yake alitaka kuikomboa kwa jogoo kama desturi ilivyo mtani akivaa kitu cha marehemu. Nikakataa jogoo, akaniachia. Ukitaka itakuwa yako. Usipotaka nitaendelea kuwekea vitunguu.

Na jambo la mwisho. Wewe na mimi ni wa damu moja, hatuna utani wa kabila. Tuliuiga kwa Kondo, nao umetukaa mdomoni. Tuutumie kwenye mambo ya ndama na unene. Lakini siku ukiwa vibaya, niandikie maneno matatu tu: dada, naumwa, njoo. Nitaacha mafuta yakichemka jikoni na abiria wakinitukana, na nitakuja.

Wanakusalimu sana: baba mkubwa wako, ambaye hasemi mengi lakini ameacha kitanda chako pale pale kilipo, mama yako Agnesi na mgongo wake usiouma, Kulwa na Dotto, wanaotaka kujua kama Tanga kuna twiga, na Mwanasha na Mama Kondo. Huyu wa mwisho alinishika mkono wakati naondoka akasema nikuambie anakuombea wewe sasa, kwa kuwa ana nafasi moja wazi katika dua zake.

Mungu akuwekee mkono begani, hasa ile saa ya jioni uliyoniandikia kwamba ndiyo mbaya kuliko zote. Mimi saa hiyo huwa namenya viazi vya kesho. Ukifika wakati huo, jua kuna mtu Mikumi anakutaja.

Ni mimi dada yako akupendaye, na hapa sitanii,

Jackline Budeba.